Harufu ya Paini Katika Maziwa ya Mama Kiprono

Siku zangu tatu za kwanza kwenye tanuri la kukaushia mbao niliambiwa nisifanye chochote. Nilikuwa nimetoka uwanjani, ambako wanawake tulipanga mbao mbichi tangu ukungu ulipoinuka hadi uliporudi, na Mzee Odera, mwangalizi wa tanuri, alikuwa ameomba mtu wa kumfundisha kazi. Akapewa mimi. Nadhani wakubwa walifikiri tanuri ni aina ya jiko. Mzee Odera hakulalamika. Alinikalisha kwenye gogo kando ya mlango wa chuma, akasema, "Wewe kaa tu hapa unuse. Jioni utaniambia umenusa nini."

Nikakaa. Mliokulia Elburgon mnaijua baridi ya asubuhi ile, inayong'ang'ania vidoleni hadi saa nne. Pale mlangoni joto lilivuja polepole kwenye nyufa, feni zilivuma ndani kwa sauti moja isiyokatika, nami nikasinzia na kuamka, nikasinzia na kuamka, na kila nilipofumbua macho harufu ilikuwa imehama. Siku ya kwanza ilikuwa tamu, kama ganda la chungwa ukilikunja karibu na pua. Siku ya pili ilikuwa nzito, kama sakafu iliyopakwa nta. Siku ya tatu utamu ulikuwa umekwisha na kitu kikali kama siki kilinichoma kwenye kona za macho. Nilipomweleza haya Mzee Odera alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe unalala na pua inabaki kazini," akasema. "Utaiweza hii kazi."

Naandika haya mwisho wa mwaka 2008, wiki chache tangu nilipokabidhi funguo, kwa ajili yenu mtakaokaa kwenye gogo lile baada yangu. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Hazina harufu.

Kwanza mjue mnachokausha. Paini ina utomvu, na ndani ya utomvu kuna mafuta mepesi sana, yale yale ambayo fundi wa rangi hununua kwa chupa akiyaita tapentaini. Hakuna aliyeyatia. Mti huyatengeneza wenyewe kwa ajili ya kuziba vidonda na kufukuza wadudu. Ukiupasha joto, mafuta hayo hutangulia kutoka pamoja na maji, na ndiyo ile siku ya chungwa. Baadaye maji yakipungua na joto likizidi, ubao wenyewe huanza kuachia vitu vingine vikali vinavyowasha macho na kula misumari ya paa. Ule moshi wa buluu mnaouona juu ya kiwanda, wageni hudhani kuna kitu kinaungua. Kuni za boila linalochemsha mvuke wa tanuri zina moshi wao, mweusi, unaotoka upande mwingine. Ule wa buluu ni pumzi ya mbao. Mimi niliutazama miaka kumi na miwili, na kuna asubuhi ambazo sikujua kama nimeamka au bado naota, kwa jinsi ulivyotanda juu ya mabati na kuteremka mteremko taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi.

Chombo cha pili baada ya pua ni vile vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevaa utambi uliolowa. Tofauti ya vile viwili ndiyo inayokuambia hewa ya ndani ina kiu kiasi gani. Lakini mafuta ya paini hushika utambi kidogo kidogo mpaka haunyonyi maji tena, na hapo tanuri zima linakudanganya huku likikutazama usoni. Mzee Odera aliufua utambi mwenyewe, kwa maji ya mvua na sabuni ya kipande, kila Jumatatu. Hakuniachia kazi hiyo kwa miaka miwili. Siku aliyoniachia nilijua nimekubaliwa.

Alikuwa amepita umri wa kustaafu, lakini mwenye kiwanda hakutaka kusikia. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Jagdev, ambaye sote tulimwita Sardar, mtu mrefu wa maneno machache aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake na aliyependa chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Alikuwa na desturi ya kupita tanurini asubuhi, kushika mlango kwa kiganja, na kuuliza, "Mama, leo vipi?" Nikisema vizuri, huenda zake. Nikisema vibaya, huketi.

Mwaka 2007 alikuja kuketi mara nyingi. Serikali ilikuwa imefunga msitu usikatwe miaka kadhaa kabla, na magogo yetu yalitoka kwenye mashamba ya watu huko Molo na Bahati. Ilikuwa miti michanga iliyokatwa kabla ya wakati, imejaa utomvu kama sifongo. Sardar alikuwa amebadilisha feni na kutoboa matundu mapya ya kutolea mvuke, na kwa kuwa upande wa magharibi kulikuwa na msumeno, matundu yakaelekea mashariki, kwenye bonde. Sisi tulifurahi. Macho yalipona. Tulifungua matundu saa kumi na moja alfajiri kila siku, kabla wapasuaji hawajafika, na hewa yote ikateremka huko chini, ambako sisi hatukuwako.

Huko chini alikuwako Mama Kiprono.

Alikuwa mjane wa makamo, jirani yetu kwa ukuta wa michongoma, mwenye ng'ombe wanne na mtungi wa maziwa uliopigwa msasa mpaka unaona sura yako. Kila wiki alikuja na mkokoteni wa punda kuchukua maranda ya kutandikia ng'ombe, na tulikuwa tukizungumza, yeye akiegemea uzio upande wake na mimi wangu. Wanawe na wangu walisoma shule moja. Mwezi wa Oktoba alikuja bila mkokoteni.

"Mama Njoki," akaniambia, "haya maranda yenu mnatia nini ndani?"

"Hatutii kitu, Mama Kiprono. Ni mti tu."

"Basi mti wenu una shida. Juzi kituo cha maziwa kilikataa maziwa yangu. Jana tena. Leo tena. Yule jamaa wa kunusa ameinua mfuniko, akanitazama hivi, akaniambia, mathe, mtungi hauoshwi na dawa ya choo. Mimi! Mbele ya watu wote."

Nilicheka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilicheka nikamwambia aache maranda atandike majani, na nikarudi kwa vipimajoto vyangu. Wiki moja baadaye alikuwa ametandika majani na maziwa bado yanarudishwa. Akaonja mwenyewe, akanipa nionje kwa kifuniko cha chupa. Yalikuwa maziwa mazuri mazito, na nyuma yake kabisa, unapokwisha kumeza, kulikuwa na siku ya chungwa.

Sikumwambia kitu. Nilikwenda dukani nikanunua pakiti ya maziwa kutoka Nakuru, nikamimina vikombe viwili. Kesho yake alfajiri, tulipofungua matundu, niliviweka nje kwenye ukingo wa ukuta wa mashariki, kimoja wazi, kingine nimekifunika kwa sahani. Ukungu ulikuwa chini sana. Mvuke ulitoka ukakutana nao na sikuweza kusema kipi ni kipi. Vyote viwili viliteremka bondeni bila haraka, na nyumba ya Mama Kiprono ikazama humo hadi paani, na ndani yake nikasikia ng'ombe mmoja akikohoa. Baada ya saa moja nikaonja. Cha kufunikwa kilikuwa maziwa. Cha wazi kilikuwa kiwanda chetu.

Nilimpa Mzee Odera kikombe kile. Akaonja, akatema, akatazama utambi.

"Mafuta hushika mafuta," akasema. "Maziwa yana siagi. Inavuta ile kitu."

"Tumwambie?"

"Tumwambie nani? Sardar? Mwaka juzi walikuja watu wa serikali kwa sababu ya yale maji ya kahawia tuliyomwaga mferejini, karibu wafunge. Mama Njoki, hapa tuko watu arobaini. Ukisema hewa yetu inaharibu maziwa, watauliza inafanya nini kwa mapafu. Utajibu nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Basi ngoja."

Nikangoja. Nilijiambia nangoja kujua zaidi, na kwa kiasi fulani nilikuwa nataka kujua zaidi. Nilimshauri Mama Kiprono afunike mtungi mara tu anapomaliza kukamua, kama jirani anavyoweza kushauri, bila kueleza. Akafunika. Yakarudishwa. Hapo nikachanganyikiwa, mpaka jioni moja binti yangu Njoki alipokuwa akinisuka nywele akasema, "Mum, wewe hata ukioga jasho lako linanuka paini." Nikamshika mkono asiendelee. Nilikuwa nimefikiri juu ya mtungi tu. Ng'ombe hana mfuniko. Alikuwa akivuta hewa yetu tangu saa kumi na moja na kukamuliwa saa kumi na mbili, na ile harufu ilikuwa imeshapita kifuani, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye kiwele kabla ya mtungi kufunguliwa.

Kwa hiyo katikati ya Novemba nilijua kila kitu, na bado sikusema. Asubuhi zile zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mvua fupi zilikuwa zimeosha milima ya Mau, jua lilichomoza kupitia ule moshi wa buluu likawa na miale kama kitambaa kilichofumwa, na mimi nilisimama na daftari langu nikiandika digrii na unyevu kwa mwandiko safi. Kila kitu kilikuwa mbali na laini. Nimefikiri sana tangu wakati ule kwamba mtu akiwa mahali pazuri ni rahisi kutojua anachokijua.

Wiki ya mwisho ya Novemba Mama Kiprono alimuuza Malkia. Ndiye aliyekuwa ng'ombe wake bora, mweusi mwenye paji jeupe. Watu walikuwa wamemwambia ini la Malkia limeoza, kwamba ndilo linalotia uchungu kwenye maziwa ya wote, na daktari wa mifugo hakupata ugonjwa lakini hakuwa na maelezo mengine. Nilimwona akipelekwa barabarani asubuhi, mfanyabiashara mbele na kamba, Mama Kiprono nyuma, hajavaa viatu vya kutokea. Aliniona ukutani. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Sardar nikiwa nimebeba kikombe.

"Ni chai?" akauliza.

"Ni maziwa ya Mama Kiprono. Onja kidogo, Sardar."

Akaonja. Alikuwa mtu anayejua maziwa. Akaweka kikombe mezani, akakizungusha taratibu kwa kishikio chake, akatazama nje dirishani kwenye mabati ya tanuri.

"Hii ni yetu," akasema.

"Ndiyo."

"Unajua tangu lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. "Muda kidogo," nikasema.

Hakuuliza kidogo ni kiasi gani. Aliniuliza nini kifanyike, nami nikamwambia: tusifungue matundu alfajiri, baridi inapoteremka bondeni na kubeba kila kitu. Tungoje saa saba mchana, ardhi ikishapata joto na upepo ukipanda kuelekea msituni. Na tujenge bomba la bati, refu, lipite juu ya paa. Akasema mbao zitachelewa, na macho ya wapasuaji yatawasha tena. Nikasema ndiyo. Akanywa kile kikombe chote, sijui kwa nini, labda kwa adabu, kisha akasema, "Kufungua mchana tutaanza Jumatatu. Bomba baada ya uchaguzi. Sasa hivi hata bati hakuna, kila mtu amekwenda kampeni."

Siku ile ile nikapita kwa Mama Kiprono. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia habari za mvuke, za mafuta ya paini, za pumzi ya ng'ombe. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hivyo Malkia hakuwa mgonjwa," akasema.

"Hakuwa."

"Na hii umeijua lini?"

"Juzi," nikasema. "Nimeigundua juzi tu."

Aliendelea kuchambua. Alitupa haragwe moja bovu, na jingine, na jingine. Halafu akasema niende, ana kazi, na mwezi mzima wa Desemba hakuja tena kwenye uzio. Matundu tulikuwa tukifungua mchana, lakini bila bomba sikuweza kujua kama inatosha.

Yaliyofuata baada ya kura, makabila yalipogeukiana, mnayajua, na kila mmoja wenu ana yake. Mimi nitasema ya kwetu tu. Tanuri lilikuwa limejaa mbao za paini, siku ya pili ya ukaushaji, wakati watu walipoanza kukimbia. Mzee Odera na mimi tulitoa moto kwenye boila kwa koleo, tukaumwagia maji. Yeye jina lake lilikuwa baya upande mmoja wa mji na langu upande mwingine. Aliondoka kesho yake kwenye lori lililosindikizwa na polisi, amekaa juu ya magunia ya viazi, na alichonikumbusha kabla halijaondoka ni kwamba Jumatatu nifue utambi. Sijui kama alikuwa akitania. Mimi na Njoki tulikwenda kanisani na blanketi mbili, tukakuta uwanja umejaa.

Siku zile nazikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia kioo chenye mvuke. Watoto wengi, sufuria chache. Moshi ulionekana upande wa Molo na haukuwa wa buluu. Siku ya nane asubuhi, jua limeshatoka, mkokoteni wa punda ulisimama kwenye lango la kanisa, na Mama Kiprono akashuka. Alikuwa na mitungi miwili. Kwa sisi tuliokuwa ndani, yeye alikuwa mtu wa upande ule.

Askari wa langoni akamuuliza anatafuta nini.

"Lori la maziwa halijakuja wiki nzima," akasema. "Ng'ombe hawajui kuna kura. Nimwage, na hapa kuna watoto?"

Askari akamwacha aingie hadi kwenye ngazi za kanisa. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja karibu yangu akamvuta mwanawe nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Msinywe. Wametia kitu." Neno lile likapita uwanja mzima, likarudi. Mama Kiprono alikuwa amesimama na kikombe cha bati mkononi.

Sitawaambia kwamba nilikuwa jasiri. Nilisimama kwa sababu nilitaka kujua. Boila letu lilikuwa baridi kwa siku nane. Juu ya mabati ya kiwanda anga lilikuwa tupu kabisa, na kwa siku nane nilikuwa nikilitazama na kujiuliza swali moja dogo ambalo halikuhusiana na chochote kilichotuzunguka. Nikaenda kwenye ngazi nikashika kile kikombe. Nikanywa taratibu, nikayazungusha mdomoni. Yalikuwa na ladha ya nyasi na chumvi kidogo, na joto la ng'ombe. Nikameza nikangoja ile ladha ya nyuma. Haikuja.

"Imetoka," nikamwambia.

"Nini?"

"Ile harufu. Imetoka kabisa."

Mama Kiprono akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya maharagwe. "Kwa hivyo ulisema ukweli," akasema.

"Nilisema ukweli," nikasema, ingawa nilikuwa nimesema nusu yake tu.

Watu nyuma yetu hawakuelewa tunazungumza nini. Waliona tu nimekunywa kikombe kizima na bado nimesimama. Yule mama wa kwanza akamwachia mwanawe. Wakaja na vikombe, na vifuniko, na chupa zilizokatwa, na mitungi yote miwili ikaisha kabla jua halijafika juu ya mnara. Alikuja hivyo kila asubuhi hadi tulipohamishwa kwenda Nakuru kwa malori. Siku mbili kati ya hizo alikuja na jicho limevimba. Alisema ameteleza zizini. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa nilijua wapo watu wa upande wake ambao hawakupenda punda yule aelekee kanisani.

Tulirudi Elburgon mwezi wa Mei. Kiwanda hakikuchomwa. Mabati machache yalikuwa yameng'olewa na msumeno mmoja umeibwa, lakini tanuri halikuguswa. Nadhani kila mtu alidhani limejaa kitu cha mtu mwingine. Sardar mwenyewe alifungua mlango wa chuma. Mbao zilikuwa zimejikunja kama majani makavu, na madoa ya kuvu ya buluu yamezienea toka mwanzo hadi mwisho. Sardar akasema, "Hizi ni kuni, Mama. Tuanze upya."

Kabla ya kuwasha boila tulijenga bomba. Linapita juu ya paa kama futi kumi na tano, na katikati limezungushiwa bomba jembamba la maji baridi ili sehemu ya mvuke igeuke kuwa maji na kuteremka kwenye pipa. Juu ya maji yale ya kahawia huelea utando mwembamba wa mafuta wenye rangi zote. Msiyamwage mferejini. Pipa lina mfuniko, nalo hupelekwa kwenye shimo lililosakafiwa nyuma ya ghala. Na matundu yafunguliwe saa saba mchana, hata mkiwa na haraka, hata mwenye mali akilia. Wapasuaji wapewe miwani. Haya ndiyo ninayotaka myashike hata mkisahau mengine yote.

Mzee Odera hakurudi. Alipiga simu mwezi wa Julai kutoka kwao ziwani, sauti yake ikiwa karibu sana, kana kwamba yuko nyuma ya boila. Nikamweleza habari za bomba. Akauliza kama bomba lina utelezi wa utomvu ndani. Nikasema linao, tunalisugua kila wiki. Akasema vizuri. Kisha salio lake likaisha.

Kituo kilipofunguliwa tena mwezi wa Juni kilipokea maziwa ya Mama Kiprono, na hakijayarudisha hata mara moja. Alianza tena kuja kwenye uzio. Alinipa maziwa ya Njoki, mimi nikampa maranda, tukazungumza juu ya mvua. Kila aliposema "wewe ndiye uliyeniambia," nilitazama chini. Malkia aliuzwa tena sokoni Molo na kutoka pale hakuna aliyejua alikokwenda, na mwezi ule wa kura, kama mnavyokumbuka, ng'ombe wengi walichinjwa.

Siku niliyokabidhi funguo kulikuwa na soda na maneno mazuri. Nilitoka mapema. Badala ya kwenda nyumbani nilizunguka ukuta wa michongoma nikaingia uani kwa Mama Kiprono, saa kumi jioni, wakati wa kukamua. Jua lilikuwa limelala juu ya nyasi, na ile pumzi ya buluu ilikuwa juu sana, ikienda msituni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya ng'ombe wa hudhurungi. Ndama alikuwa akimsumbua, akisukuma kichwa kila mara katikati ya mikono yake.

"Mama Kiprono," nikasema, "siku ile nilikwambia nimegundua juzi. Sikugundua juzi. Nilionja maziwa kwa mara ya kwanza Oktoba, na katikati ya Novemba nilijua yote. Nilikuona unamtoa Malkia na nilijua si mgonjwa. Nilikupungia mkono."

Mikono yake ikasimama. Maziwa ya mwisho yakadondoka kwenye ndoo, tone moja, halafu hakuna. Aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akabaki hivyo, na nilidhani analia, lakini alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Sasa unataka nikufanyie nini?" akauliza.

"Hakuna."

"Hutaki nikwambie haidhuru?"

"Hapana. Ilidhuru."

Akanitazama kama anavyotazama mtungi kabla ya kuufunika. Ndama akasukuma tena, ndoo ikayumba. Akaishika kwa magoti, akaokota kamba ya ndama chini, akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila kusimama.

"Basi shika huyu," akasema. "Mvute mbali, nimalize."

Nikaishika ile kamba. Ndama alikuwa na nguvu kuliko nilivyofikiri, na alinivuta huku na huku kwenye matope kwa viatu vyangu vya kustaafia, lakini sikuiachia mpaka alipomaliza.